Kubeba pikipiki nyuma ya gari kwenye toubaa bila kuidondosha njiani

Wakuu, naandika hii sababu swali ni lile lile linarudi kila siku. Mtu kanunua Boxer Mtwara mjini anataka kuipeleka kwa mdogo wake Nachingwea, mwingine kahamishiwa kikazi Lindi ana gari na ana pikipiki na dereva ni yeye peke yake, mwingine yupo Masasi pikipiki imekufa injini na fundi anayemwamini yupo Mtwara. Wote wanauliza, gari yangu ina toubaa (kile chuma cha kuvutia tela chini ya bampa la nyuma), si naitundika tu pale nyuma naondoka nayo? Kwa baadhi ya magari ndiyo, kwa mengi hapana, na wengi wanaouliza wapo kwenye hiyo hapana ila wao wanachotaka kujua ni mkanda gani wanunue. Mkanda ni wa mwisho mwisho huko. Anza na chuma: kimefungwa kwenye nini, kinabeba kilo ngapi, na kinacheza au hakichezi.

Tuelewane kwanza. Naongelea pikipiki iliyokaa kwa kukingama nyuma ya gari, tairi zote mbili zipo kwenye mfereji wa chuma, huo mfereji ni sehemu ya kibebeo, na kibebeo kina ulimi unaochomekwa kwenye tundu la mraba la toubaa chini ya bampa. Hakuna tairi linalogusa barabara. Ile ya kuburuza pikipiki huku tairi la nyuma linazunguka ni habari nyingine, siigusi hapa. Na kama una pikapu yenye bodi, au unaweza kumpata mtu wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kwa hela ya kueleweka, pakia huko. Mimi mwenyewe kirikuu ikiwa karibu sihangaiki na toubaa.

Gari yako inafaa au haifai

Tandika boksi uingie chini ya gari uangalie, usiulize mtu kwa picha ya bampa.

Kama ulichonacho ni kile kichwa cha duara tu cha kuvutia tela, basi kwa pikipiki hapana. Kichwa kile kimetengenezwa kuvuta, uzito wa kukikandamiza chini ni mdogo, kwenye magari madogo mara nyingi kilo 50 mpaka 100 hivi, na tena hakina kitu cha kuzuia mzigo usipinduke huku na huku. Vile vibebeo vya kubana kwenye kichwa cha duara ni vya baiskeli, muuzaji akikwambia vinginevyo muulize kama yupo tayari kukaa nyuma yako kwenye pikipiki yake njia nzima.

Kama una tundu la mraba, pima upana wa ndani. La inchi 2 ndio la kuanzia mazungumzo. La inchi 1 na robo ni dogo, hata likiwa zima linaachwa kwa mizigo myepesi.

Halafu fuata chuma kwa macho uone kinaishia wapi. Hilux, Prado, Land Cruiser, Patrol zina chesesi ya kujitegemea, toubaa inatakiwa ishikwe kwa bolti kwenye zile boriti mbili ndefu za chesesi, kulia na kushoto. IST, Harrier, RAV4 hazina chesesi ya hivyo, bodi ndiyo kila kitu, kwa hiyo IST usihangaike kabisa, na RAV4 au Harrier mpaka uwe na toubaa iliyotengenezwa kwa gari hiyo hiyo na namba yake ya uzito inaruhusu. Toubaa nyingi huku kwetu zimechongwa mtaani. Sio dhambi, mafundi wa kuchomelea wazuri wapo Mtwara na Lindi, lakini utakuta nyingine imechomelewa kwenye chuma cha bampa. Bampa kazi yake ni kugongwa, haikuwekwa pale kuning'iniza pikipiki.

Na kutu. Gari zinazolala karibu na bahari, Shangani, Mikindani, Lindi pale chini, chumvi inakula chuma kuanzia ndani ya lile tundu ambako huoni. Chukua nyundo ndogo ugonge gonge. Chuma kizima kinalia sauti kali. Kikilia puu na magamba yakidondoka, stop, hiyo toubaa hata ndoo usiitundike.

Uzito, hapa msiruke jamani

Boxer au TVS ya kawaida ya cc 125 mpaka 150 ni kama kilo 110 mpaka 125. Kibebeo chenyewe ni kilo 25 mpaka 40 kutegemea nani kakitengeneza, na mafundi wetu wanapenda chuma kinene kwa hiyo chukulia juu. Jumla unaning'iniza kilo 150 na ushee. Hutaki kukisia? Pima. Msimu wa korosho kila chama cha msingi cha wakulima kina mizani, ongea vizuri na mwenye mizani upandishe tairi la mbele, soma, halafu la nyuma, soma, jumlisha. Tairi lililobaki liwe juu ya ubao wenye kimo sawa na mizani, la sivyo utapata namba ya uongo.

Sasa linganisha na namba ya toubaa. Zile za Ulaya zina kibati, tafuta herufi S, hiyo ndiyo kilo inazoruhusu kukandamizwa chini. Za Marekani zinaandika TW (tongue weight, uzito wa kukandamiza chini) kwa paundi, gawanya kwa 2.2 upate kilo. Toubaa ya inchi 2 ya daraja la 3 ya Marekani kwa kawaida ni paundi 500, yaani kama kilo 227. Gari nayo ina namba yake kwenye kitabu, na kibebeo nacho kina yake. Unafuata ile iliyo ndogo kuliko zote. Toubaa isiyo na kibati chochote wala aliyeitengeneza hajui inabeba nini, ichukulie kuwa hairuhusu.

Watu wanasema mbona kilo 150 ni abiria wawili tu. Abiria wanakaa katikati ya ekseli mbili bwana, pikipiki inakaa nje. Beba ndoo ya maji umeikumbatia kifuani, halafu ibebe mkono umenyooka mbele, ndoo ni ile ile. Kwa namba: gari yenye mita 2.6 kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, mzigo wa kilo 150 upo mita 1.4 nyuma ya ekseli ya nyuma. 150 mara 1.4 gawanya kwa 2.6 unapata kama 80. Maana yake matairi ya mbele yamepunguziwa kilo 80 na ekseli ya nyuma haikuongezewa 150, imeongezewa 230. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinashika vibaya, na taa zinamulika juu zinawaumiza macho wanaokuja. Na ndiyo maana usikubali kuongeza kipande cha kurefusha ulimi ili pikipiki iwe mbali na tairi la spea. Kila sentimita unayoirudisha nyuma unalipia kwenye ile hesabu.

Buti la nyuma liwe tupu. Ukiweka pikipiki nyuma halafu ukajaza na mahindi kwenye buti umejimaliza mwenyewe.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kibebeo chenye mfereji wa chuma, kishikio cha tairi la mbele, na masikio manne ya kufungia mikanda, mawili upande wa gari mawili upande wa nje. Kama fundi anakuchongea mwambie masikio yawe mbali na katikati, yakikaribiana mkanda unashuka wima na hauzuii kuyumba.
- Pini ya toubaa na klipu yake. Tundu la inchi 2 linatumia pini ya milimita 16. Usiweke kipande cha nondo. Usiweke bisibisi. Nimeona vyote viwili.
- Yubolti (bolti yenye umbo la herufi U) yenye sahani yake ya kubania ulimi usicheze.
- Mikanda ya racheti minne mizima, na mmoja wa akiba. Kwenye lebo kuna namba mbili, uzito wa kukatika na uzito wa kufanyia kazi. Wewe unasoma wa kufanyia kazi, ambao ni mdogo zaidi, mara nyingi theluthi tu ya ule mwingine.
- Mikanda mifupi miwili ya kufunga kila tairi kwenye mfereji.
- Vitanzi vya kitambaa vya kuzungusha kwenye pikipiki ili ndoano ya chuma isiguse rangi wala kebo. Huna, kata mkanda mzee ushonewe na fundi viatu, anaweza.
- Ubao wa kupandishia, unene wa sentimita 5, urefu wa mita 2 au zaidi, bila nyufa.
- Taa za nyuma za ziada kwenye ubao wake, na waya wa kuunganisha.
- Futi ya kupimia, spana, tochi, vitambaa.
- Watu wawili wa kukusaidia. Sio mmoja.
- Kadi ya pikipiki. Trafiki akiona pikipiki imening'inia nyuma ya gari atataka kujua ni ya nani, na ana haki.

Mipira ya tyubu na kamba ya manila acha nyumbani. Mpira unavutika, ndio kazi yake, na manila inajivuta ikilemewa, unafunga Mtwara imekaza unafika Mnazi Mmoja ya Lindi imelegea.

Hatua zenyewe

1. Simamisha gari pahali pa usawa, handibreki, gia, jiwe chini ya tairi. Ukumbuke pikipiki inapanda kutokea ubavuni, kwa hiyo ubao utatokeza pembeni ya gari mita 2 nzima. Usifanye kando ya barabara ya lami. Tafuta uwanja. Ukipata sehemu yenye tuta upande mmoja, weka gari ubavu wa kibebeo uelekee kwenye tuta, mwinuko unapungua na kazi inakuwa nusu.

2. Pima kimo cha bampa la nyuma kutoka chini, kando na kando, andika. Pima na la mbele. Utazihitaji hizo namba baada ya kupakia.

3. Jaza upepo tairi za nyuma kufuata kile kibandiko cha mlango wa dereva, safu ya gari ikiwa na mzigo. Za pikipiki nazo zijae vizuri, tairi laini ikinesa njiani mikanda inalegea.

4. Chomeka ulimi, weka pini, weka klipu, halafu funga yubolti ukaze kweli kweli. Shika ncha ya kibebeo utikise juu chini na kulia kushoto. Hapa ndipo pa kukaa sana. Chuma kinachocheza milimita 2 kwenye tundu, huko mwisho wa mfereji kinacheza sentimita nzima na zaidi, na kila shimo la barabara ni nyundo inagonga pini na kingo za tundu. Angalia tundu la pini: likiwa limetanuka upande mmoja na chuma chake kinang'aa, hiyo toubaa imeshapigwa sana, peleka kwa fundi kwanza. Na usikubali kujazia nafasi kwa kipande cha mbao au bati la kopo, vinasagika ndani ya saa moja.

5. Andaa pikipiki. Ipoe kwanza ekzosi isiunguze mkanda. Funga koki ya mafuta. Tenki lisijae, lita 10 ni kama kilo 7 na nusu na zinamwagika kwenye mfuniko ikitikisika. Toa side mirror, toa helmeti, toa boksi la nyuma, toa kila kinachoning'inia. Stendi zote juu.

6. Amua inaelekea wapi. Angalia ekzosi ya gari inatokea upande gani, tairi la pikipiki lisikae mbele ya ule mdomo. Moshi wa moto wa safari nzima unapika tairi na unaweza kuilegeza kabisa. Kama hakuna namna, fundi aongeze kiko cha kuelekeza moshi chini.

7. Weka ubao, ufunge kwenye kibebeo usiteleze. Mmoja anashika usukani na breki ya mbele, wa pili anasukuma kwenye keria, wa tatu anasimama ng'ambo kuipokea isilalie huko. Injini izimwe. Wale wanaowasha na kupanda nayo huku wamekalia, waacheni, gia moja ya Boxer ina nguvu ya kuivusha ng'ambo ya pili ikiwa na wewe juu.

8. Tairi la mbele liingie mpaka mwisho kwenye kishikio. Mtu wa tatu asiachie bado! Funga mkanda mfupi wa tairi la mbele, wa tairi la nyuma, weka gia ya kwanza. Halafu bana mkono wa breki ya mbele kwa kamba laini au kipande cha tyubu, hapo mpira unaruhusiwa.

9. Mikanda miwili ya mbele. Usifunge kwenye mishikio ya mikono wala kwenye chuma chembamba cha usukani, vinapinda na kebo zinabanwa. Pitisha kitanzi kwenye ile sahani ya chini inayoshika shokapu mbili za mbele, chini ya taa. Mkanda mmoja uende sikio la upande wa gari, mwingine upande wa nje. Kaza kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, pikipiki ibaki wima. Shokapu zishuke kama nusu ya safari yake, zisigonge chini kabisa. Ukizigotesha hazina pa kwenda gari ikiruka tuta, basi kinachovutwa ni sili (kipira cha kuzuia oili ya shokapu) na mkanda. Ukiziacha juu zitashuka zenyewe njiani, mkanda utalegea na ndoano itachomoka.

10. Mikanda miwili ya nyuma, kwenye chuma cha fremu chini ya siti, sio kwenye indiketa, sio kwenye madigadi, na keria kama imeshikwa kwa nati ndogo usiiamini. Hii inakaza kiasi, kazi yake ni kuzuia mkia usirushwe.

11. Kila mkanda uzungushe nusu duru mara moja kabla ya kukaza, usipige kelele na kupepea kwenye upepo. Mikia ya mikanda ifunge fundo, isiachwe inaning'inia ikaingia kwenye tairi. Pitia kila mahali mkanda unapogusa kona ya chuma weka kitambaa.

12. Jaribio. Shika siti uvute pikipiki kwa nguvu kuja kwako na kuisukuma. Inatakiwa gari zima liyumbe pamoja nayo. Pikipiki ikitikisika na gari imetulia, rudi hatua ya 4 au ya 9.

13. Pima tena bampa. Nyuma ikiwa imeshuka sana na mbele imepanda, shusha taa za mbele kama gari ina kile kirekebishi cha dashibodi, na jiulize kama springi zako bado zina uhai. Springi zikigota kwenye vipira vyake vya kuzuia chini hata kabla hujaondoka, shusha pikipiki. Hakuna ujanja hapo.

14. Taa na namba ya gari. Nenda nyuma hatua 20 uangalie. Pikipiki imeziba taa za breki? Imeziba namba? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ipo bado na trafiki wa Mingoyo hana haja ya kuikariri kuona kwamba hasomi namba yako. Ubao wa taa ufungwe nje ya pikipiki, namba ionekane, kitambaa chekundu kila ncha ya tairi. Plagi ya tela ya pini 7 ya kawaida: njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu breki, nyeupe ndiyo hasi. Gari nyingi za Japani hazina plagi hiyo, fundi umeme aweke, usichune waya wa taa ukafunga kwa selotepu.

Ukiwa barabarani

Pikipiki ina urefu karibu mita 2. Gari ndogo ina upana wa mita 1.7 hadi 1.8. Kwa hiyo tairi zinatokeza pande zote, sentimita 10 mpaka 15 kila upande, na wewe kwenye kioo huzioni vizuri. Watu wanasahau hili kuliko yote. Bodaboda anakupita amekubana kwa sababu anapima kwa ubavu wa gari, na geti la nyumbani ulilozoea kupita kwa kukwangua sasa halikutoshi.

Kutoka Mtwara simama Mikindani, ni kama kilomita 10, mikanda yote itakuwa imelegea kidogo, hiyo ni kawaida kabisa, kaza. Simama tena Mnazi Mmoja pale njia panda ya Masasi na Lindi. Baada ya hapo kila saa moja au kila baada ya kipande kibaya. Shika pini, shika yubolti kwa mkono, ikiwa ya moto kuliko chuma cha jirani ujue inasugua.

Lami nzuri usizidi 80. Kwenye vijiji ni 50 kisheria lakini matuta ya huku yapande kwa mwendo wa kutembea, gari iwe imenyooka, sio kwa kona, maana ukipanda tairi moja moja ule mfereji unapindwa. Na kumbuka kibebeo ndicho kitu cha chini kuliko vyote huko nyuma, kitaburuza kwenye tuta refu na kwenye mifereji ya kuingilia vituo vya mafuta. Kurudi rivasi weka mtu nyuma.

Kushuka kutoka Newala kuelekea Masasi, ule mteremko wa kutoka kwenye Uwanda wa Makonde, tumia gia ya chini toka juu, usishikilie breki. Kwenye mchanga wa barabara za ndani huko Tandahimba mimi naona bora uteremshe pikipiki mtu aiendeshe hicho kipande, gari iliyo nyepesi mbele haiendani na mchanga, usukani unakata lakini gari inaenda moja kwa moja. Msimu wa korosho malori ni mengi, upepo wa lori linalokuja unaisukuma pikipiki, punguza mwendo kabla hamjapishana.

Na usimruhusu mtu kuning'iniza mabegi kwenye pikipiki, eti nafasi ipo.

Ukiona hivi, fanya hivi

*Usukani mwepesi, gari inatafuta barabara.* Uzito wa nyuma umezidi. Punguza mwendo taratibu bila kukanyaga breki ghafla, simama. Hamisha mizigo iliyo kwenye buti ije siti za mbele au iteremke. Ikiendelea, tafuta kirikuu, hiyo safari ya toubaa imeishia hapo.

*Kelele ya kogo kogo kwenye kila shimo.* Ulimi unacheza. Kaza yubolti. Kama imekazwa mpaka mwisho na bado, tundu limetanuka.

*Pikipiki imeanza kulalia upande mmoja.* Usikaze tu upande wa pili ukaondoka. Legeza mikanda miwili ya mbele huku watu wameishika, isimamishe wima, anza upya hatua ya 9. Mara nyingi utakuta tairi la mbele limetoka kwenye kishikio.

*Mkanda mmoja unalegea kila ukisimama, mingine mizima.* Angalia meno ya racheti, yakiwa na mchanga au kutu yanaruka. Tumia wa akiba. Mkanda ulioliwa ukingo, au uliopauka na kukauka kwa jua, tupa, usiupeleke hata kwenye kazi nyingine.

*Ukikanyaga breki na indiketa nayo inawaka, au taa zote zinafifia pamoja.* Waya wa hasi haujashika. Kwangua rangi pale unapofungwa, kaza upya. Usianze kubadilisha balbu.

*Harufu ya mpira unaoungua.* Simama sasa hivi. Moja, ekzosi ya gari inapiga tairi la pikipiki. Mbili, bodi imeshuka na tairi la gari linasugua madigadi. Tatu, mkanda unagusa ekzosi.

*Petroli inanuka.* Koki haijafungwa, au mfuniko wa tenki, au kabureta inamwaga kwa sababu pikipiki imeinama. Hakuna sigara hapo, fungua madirisha, safisha, isimamishe wima.

*Mlango wa nyuma haufunguki, au tairi la spea linagusana na pikipiki.* Prado na RAV4 zenye spea mlangoni zina tabia hii. Weka godoro dogo katikati usikwangue, na vitu vya njiani, triangle, jeki, maji, viwe mbele kwenye siti tangu mwanzo. Ukipata pancha huku jeki ipo nyuma ya mlango uliozibwa na pikipiki utashusha kila kitu juani.

*Umefika, shokapu za mbele zinavuja oili.* Zilibanwa mno. Futa, endesha polepole siku moja mbili uone kama inakata yenyewe, isipokata ni sili mpya. Na ukifika legeza mikanda ya mbele jioni ile ile, hata kama pikipiki inalala juu ya kibebeo mpaka asubuhi wapatikane watu wa kuishusha, iache na mikanda ya tairi na mikanda mingine ya kushikilia tu isidondoke.